Viza ya kazi: karatasi gani inatangulia, na nani anapaswa kulipa

Mara nyingi mambo yanaanza kwa simu. Ujumbe unaingia kwenye grupu ya WhatsApp ya kanisa ama ya watu waliosoma pamoja: kampuni ya Kanada inatafuta watu 200 wa kuchuma matunda, mshahara dola 2.800 kwa mwezi, diplome haiombwi, Kiingereza hakiombwi, viza ni bure, mtu alipe tu dola 150 za kufungua dosie. Chini kuna picha ya jengo kubwa, bendera yenye jani jekundu, na namba ya simu ambayo hata haianzi na namba za Kanada. Kesho yake inafuata sauti: "Yaya, fanya mbio, zimebakia nafasi mbili tu."

Kwa mtu wa Runingu anayelima mpunga ama mihogo, dola 150 haitoki mfukoni hivi hivi. Inatoka kwenye likirimba, inatoka kwenye mbuzi, na wakati mwingine inatoka kwenye kipande cha shamba kilichowekwa rehani. Kazi ya mshahara katika bonde la Ruzizi iko chache tangu kiwanda cha sukari cha Kiliba kiliposimama katika vita ya 1996, na kizazi kizima kimekua kikikiangalia kiwanda hicho bila kukiona kikitoa moshi. Vita za miaka iliyofuata ziliongeza mzigo. Kwa hiyo mtu akisikia kuna kazi nje, hawezi kuchekwa akisimama kusikiliza. Kazi za nje kweli ziko, na kuna Wakongomani wanaozipata kwa njia halali. Lakini karatasi zake zina utaratibu, na mtu asiyejua ipi inatangulia ndiye makomisioneri wanayemtafuta.

Karatasi tatu zinazochanganywa

Watu wengi wakisema "viza" wanamaanisha vitu vitatu pamoja. Cha kwanza ni pasipoti, ambayo inatolewa na nchi yako na inasema wewe ni nani. Cha pili ni viza, ambayo inatolewa na nchi unayokwenda, na kazi yake ni moja: kukufungulia mlango. Cha tatu ni kibali cha kazi, ambacho pia kinatolewa na nchi ile, mara nyingi na wizara inayosimamia kazi ama idara ya uhamiaji, nacho ndicho kinachosema unaruhusiwa kufanya kazi fulani, kwa bosi fulani, kwa muda fulani.

Hicho cha tatu ndicho kiini cha mambo yote. Karibu kila nchi inataka kujua kwanza kwa nini bosi anamleta mgeni wakati raia wake wenyewe wanatafuta kazi. Kwa hiyo anayeanza kuomba ni bosi. Anapeleka kwa serikali yake maelezo ya kazi, mshahara na jina la mtu anayemtaka. Serikali ikikubali, inatoa barua ama namba ya ruhusa. Na barua hiyo ndiyo mfanyakazi anaiambatanisha na pasipoti yake, kontra yake, cheti cha daktari na karatasi za polisi, akienda kuomba viza kwenye ambasadi. Kazi inatangulia, ruhusa inafuata, viza inakuja mwisho.

Komisioneri anageuza mambo hayo kichwa chini. Anasema: toa pesa, nikupatie viza, kazi utaikuta kule. Anachokipata, kama anapata kitu, ni viza ya kutembea. Mtu anaingia nayo vizuri kabisa, anapigwa mhuri uwanja wa ndege, anatuma picha nyumbani. Siku ya kwanza anapoanza kufanya kazi, amevunja sheria ya nchi ile. Kutoka siku hiyo hawezi kwenda polisi akinyimwa mshahara, kwa sababu polisi watamuuliza kwanza karatasi. Na siku za viza zikiisha, faini inaanza kuhesabiwa.

Ng'ambo ya Ruzizi

Kwa watu wa hapa, nchi ya nje ya kwanza iko karibu sana. Ukifika Kavimvira, unavuka, uko Gatumba, na Bujumbura iko mbele yako. Watu wamevuka miaka yote kwa jetoni ya siku moja ama kwa lesepase ya CEPGL, ile jumuiya ya Kongo, Rwanda na Burundi iliyozaliwa Gisenyi tarehe 20 Septemba 1976. Mama anayepeleka mihogo asubuhi na kurudi jioni hahitaji viza. Lakini jetoni inaruhusu kuvuka. Haikufanyi kuwa mfanyakazi wa Bujumbura, hata kama unavuka kila siku na wanaokugongea mhuri wamekuzoea hadi wanakuita kwa jina. Kazi ya kuandikwa, yenye kontra, inataka kibali cha Burundi. Na mpaka huu unategemea sana hali ya usalama: Desemba 2025, M23 ilipoingia Uvira, Burundi ilifunga upande wake, na watu wakajikuta wamegawanyika huku na kule bila kujua watarudi lini.

Halafu kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ilikubaliwa tarehe 29 Machi 2022, na ikawa mwanachama kamili tarehe 11 Julai 2022, nchi ya saba. Tangu hapo kuna maneno mengi yanayosema Mkongomani sasa anaweza kufanya kazi Nairobi ama Dar es Salaam kama yuko nyumbani. Ni nusu ya ukweli. Protokoli ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inazungumza kweli juu ya wafanyakazi kutembea bila vizuizi. Lakini haikufuta kibali cha kazi. Inasema mfanyakazi mwenye kontra ya zaidi ya siku 90 aombe kibali, na kila nchi iliandika orodha ya aina za kazi ilizofungua. Orodha hizo hazilingani. Nyingine zimefungua kazi za watu wenye masomo makubwa tu.

Kilichobadilika wazi kwa mwananchi ni viza ya kuingia. Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani kuanzia tarehe 1 Septemba 2023. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mtu anaingia Nairobi bila viza, anaona hakuna aliyemzuia, anafikiri basi na kazi iko huru. Kuingia bila viza ni kuingia kama mgeni wa kutembea. Kibali cha kazi kinabaki pale pale.

Tanzania ndiyo mfano mzuri wa kuonyesha jinsi bosi anavyobeba jukumu. Sheria yake ya 2015 inayosimamia ajira za wageni inasema mwajiri ndiye anayeomba kibali, na anaomba kabla mgeni hajaanza kazi. Anapaswa kuonyesha kwamba alitafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na aandike mpango wa kumfundisha Mtanzania atakayechukua nafasi ile baadaye. Kibali kinatolewa kwa miezi 24, na kinaweza kuongezwa. Na juu ya kibali cha kazi kuna kibali cha ukaaji, ambacho ni cha Uhamiaji. Karatasi mbili, ofisi mbili. Kijana anayeambiwa Kigoma kwamba "kibali ni kimoja, nitakuchukulia mimi" tayari amepata jibu.

Sheria hiyo ya Tanzania ina daraja la pekee kwa wakimbizi, daraja E. Ni jambo la kujua kwa familia zenye ndugu Nyarugusu, ingawa kwenye maisha ya kambi kutoka nje kwenda kutafuta kazi kuna masharti yake mengine makali.

Ghuba, na neno kafili

Mazungumzo juu ya Saudia, Oman, Dubai na Qatar yanawagusa zaidi wasichana. Kazi inayotajwa ni ya nyumbani: kupika, kufua, kulea watoto. Njia inayotajwa inapita Bujumbura, Kampala ama Nairobi. Na mara nyingi tiketi inalipwa na anayekuita, jambo linalofanya familia iamini kwamba hakuna hatari, kwa sababu hawakutoa pesa.

Kule mfumo unaitwa kafala. Mgeni anaingia chini ya jina la kafili, yaani bosi anayemdhamini, na karatasi za ukaaji zinafungwa kwa kafili huyo. Ukimkimbia, hata kama anakupiga, wewe ndiye unaandikwa kuwa mtoro. Nchi hizi zimebadilisha mambo kadhaa, na ni haki kuyasema. Qatar mwaka 2020 iliondoa sharti la kuomba ruhusa ya bosi ili kubadilisha kazi, na tangu Machi 2021 ina mshahara wa chini wa riyali 1.000 kwa mwezi kwa wote, wafanyakazi wa nyumbani wakiwemo. Saudia nayo ilitangaza mabadiliko yaliyoanza Machi 2021, ila wafanyakazi wa nyumbani waliachwa nje. Hapo mtu asome mara mbili. Msichana anayeambiwa "Saudia wamefuta kafala" anaambiwa kitu kinachomhusu mwashi na fundi wa kampuni, wala hakimhusu yeye anayekwenda kulala ndani ya nyumba ya bosi wake.

Saudia ina mtandao rasmi unaoitwa Musaned kwa kontra za kazi za nyumbani. Kontra ambayo haijapita pale, hata kama ina mihuri mizuri, ina kasoro. Upande wa Emirati, yaani Dubai na Abu Dhabi, sheria ya kazi ya 2021 inakataza bosi kumtoza mfanyakazi gharama za kumwajiri. Na mwaka 2024 waliongeza faini kwa bosi anayemwajiri mtu asiye na kibali: inaanzia dirham 100.000 na kufika milioni moja. Kwa hiyo bosi mwenye kampuni ya kweli Dubai hawezi kukuita na viza ya siku 30 ama 60 ya kutembea akuambie utaanza kazi Jumatatu. Anayekubali hatari hiyo ni yule ambaye hana kampuni ya kukaguliwa.

Kuna mtego mmoja wa hapa kwetu ambao unastahili maneno zaidi. Burundi ilisaini na Saudia, Oktoba 2021, makubaliano juu ya wafanyakazi wa nyumbani. Ni ya Warundi, kupitia wakala waliokubaliwa na serikali ya Burundi. Kwa kuwa Uvira na Bujumbura zinaonana, na lugha na sura zinafanana, hapo komisioneri anapata nafasi ya kumwambia msichana wa bonde: tutakutafutia pasipoti ya Burundi, jina tutabadilisha kidogo, miaka tutaongeza miwili. Wazazi wengine wanaona ni ujanja wa kawaida. Lakini siku msichana yule akipata shida Riyadh, ambasadi ya Kongo itauliza pasipoti ya Kongo, na hana. Ambasadi ya Burundi itatafuta familia yake Burundi, na haiko. Akifariki, na watu wanafariki, mwili wake una jina ambalo hakuna mzazi anayelitambua kwenye karatasi. Bei ya kosa hilo haionekani siku ya kuondoka.

Kanada na Ulaya

Kurudi kwa wale wachuma matunda. Kanada kweli inachukua watu wa mashamba kutoka nje, na ndiyo maana uongo unaaminika. Njia ya kawaida inaanza na bosi kuomba kwa serikali yake tathmini ya soko la kazi, ambayo kwa Kifaransa wanaiita EIMT. Kwa kazi nyingi zisizo za shamba, bosi analipa dola 1.000 za Kanada kwa kila nafasi, na sheria inamkataza kuzirudisha mgongoni mwa mfanyakazi. Serikali ikikubali, bosi anampa mfanyakazi barua hiyo pamoja na kontra. Mfanyakazi ndipo anaomba kibali cha kazi kwenye intaneti: dola 155 za Kanada, na 85 za alama za vidole na picha. Hizo ndizo pesa za serikali. Zinalipwa kwa serikali yenyewe, kwa karte ya benki, kwenye ukurasa wa serikali ya Kanada. Hakuna zinapolipwa kwa Airtel Money ama M-Pesa ya mtu binafsi.

Kwa Wakongomani kuna njia nyingine ambayo makomisioneri hawaitaji sana, labda kwa sababu inataka mtu asome: Mobilité francophone. Tangu tarehe 15 Juni 2023 ilipanuliwa, na inamruhusu bosi aliye nje ya Quebec kumchukua mtu anayezungumza Kifaransa bila ile tathmini ya soko la kazi. Bosi analipa dola 230 tu za Kanada. Mfanyakazi anapaswa kuonyesha kwamba anasikia na kuzungumza Kifaransa kwa kiwango cha 5. Kwa mtu aliyemaliza masomo ya sekondari kwa Kifaransa, hicho si kilima kirefu. Lakini kazi za kawaida za mashambani hazimo kwenye njia hii. Kwa hiyo ujumbe unaochanganya "Mobilité francophone" na "kuchuma matunda" umejishtaki wenyewe.

Kanada pia ina sheria juu ya nani anaruhusiwa kulipwa kwa kushauri watu mambo ya uhamiaji: avoka aliyeandikwa kule, notario wa Quebec, ama mshauri aliyeandikwa kwenye chuo chao cha washauri. Majina ya washauri hao yako wazi kwenye intaneti. Mtu akijiita "ajenti wa Kanada" Uvira, anaweza kuulizwa namba yake na jina lake likatafutwa kwa dakika tano katika sibere yoyote yenye umeme.

Ulaya ni mlango mwembamba zaidi. Viza ya Schengen, ile ya siku 90, haimruhusu mtu kwenda kuajiriwa. Kwa kazi inatakiwa viza ya muda mrefu, aina D, na Ubelgiji kwa mfano tangu 2019 inatoa kibali kimoja kinachounganisha kazi na ukaaji, ambacho bosi ndiye anayeanza kukiomba kwa mkoa wake, Flandre, Wallonie ama Brussels. Na ofisi ya kupokea dosie iko Kinshasa. Kutoka Runingu hakuna barabara ya kufika Kinshasa. Viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu vilifungwa vita ilipochukua miji ya Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, kwa hiyo mtu anahesabu njia ya Bujumbura, ama boti kutoka Kalundu hadi Kalemie kisha ndege. Safari hiyo peke yake inaweza kuzidi pesa zote za viza. Inafaa kuijua mapema, kabla ya kuuza kitu.

Kazi ya kufanya hata kama hakuna bosi bado

Kuna karatasi ambazo mtu anaweza kuzitayarisha bila kumlipa komisioneri yeyote, na zinabaki zake.

Pasipoti ndiyo ya kwanza. Bei yake imeshuka sana: kutoka 2015 ile ya biometriki ilikuwa dola 185, moja ya bei kubwa kuliko zote duniani, na watu walilalamika miaka mingi. Mwaka 2020 ikawa 99. Toleo jipya lililotangazwa 2025 lina bei rasmi ya dola 75. Anayeomba 300 "yote ndani" anapaswa kueleza hiyo tofauti inakwenda wapi. Pesa ya pasipoti inalipwa benki na mtu anapata bordero. Bila bordero hakuna ushahidi.

Majina ni shida inayowaumiza watu wa hapa kuliko wanavyofikiri. Mkongomani ana jina, posti-nomu na prenomu. Fomu za nje zina visanduku viwili tu. Tena kwenye karte ya mchaguzi jina limeandikwa na "y", kwenye diplome na "i", kwenye karte ya ubatizo herufi moja imerukwa. Hapa mtaani kila mtu anajua ni wewe. Afisa wa viza hajui, na kwake hao ni watu wawili. Vilevile tarehe ya kuzaliwa: wengi wameandikwa tarehe 1 Januari kwa sababu hakuna aliyekumbuka, na mwaka haufanani kutoka karatasi moja hadi nyingine. Kabla ya kuomba pasipoti, afadhali mtu aweke karatasi zake zote juu ya meza na kuzisoma herufi kwa herufi. Kosa likionekana, linasahihishwa kwenye etat-sivili ama kwa hukumu ya tribinali. Pasipoti ikishatoka na kosa, kila karatasi inayofuata itabeba kosa hilo.

Karte ya chanjo ya homa ya manjano, ile ya rangi ya njano, inaombwa karibu kila mahali Mkongomani anapoingia. Tangu Julai 2016 sindano moja inahesabiwa ya maisha yote. Kwa hiyo anayekuambia yako ya 2017 "imekwisha, toa pesa tuifanye upya" anakudanganya. Kinachobaki ni kazie-judisiere ya kuonyesha hujahukumiwa. Hiyo usiharakishe, maana nchi nyingi zinataka iwe ya miezi michache tu.

Na kuna ujuzi. Kibali cha kazi kinatolewa kwa kazi yenye jina: mshona nguo, fundi wa kuchomelea, dereva wa lori, muuguzi. Kijana aliyejifunza kuchomelea Uvira kwa miaka minne bila karatasi ana ujuzi, lakini hana cha kuambatanisha. Barua ya atelie aliyofanyia kazi, yenye tarehe, sahihi na namba ya simu inayoitika, ina thamani kuliko CV yenye picha nzuri iliyochapwa na komisioneri.

Pesa, na wapi pa kuuliza

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala wa kazi asimtoze mfanyakazi ada wala gharama, isipokuwa katika hali chache ambazo serikali imeziruhusu. Ndiyo kipimo kinachotumika duniani. Mfanyakazi anaweza kulipia pasipoti yake, picha, daktari, ada ya serikali kwa viza. Pesa ya "kununua nafasi" haiko kwenye orodha hiyo, wala "garanti" inayoahidiwa kurudishwa.

Kongo ina ofisi ya taifa ya ajira, ONEM, na mtu anayejiita wakala wa kuweka watu kazini anaweza kuulizwa kama anajulikana pale. Tangu tarehe 26 Desemba 2022 kuna pia sheria namba 22/067 iliyoingiza usafirishaji haramu wa watu ndani ya kanuni ya adhabu. Sheria hiyo inamgusa anayemdanganya mtu na kumpeleka kunyonywa, na kukubali kwa aliyedanganywa hakumwokoi mdanganyaji. Msichana aliyepanda ndege kwa hiari, akiamini anakwenda kulea watoto, bado ni mtu aliyedanganywa. Kwa hiyo kushtaki kunawezekana parke, na dosie inakuwa na nguvu kama familia imehifadhi ujumbe, sauti za WhatsApp, jina lililotokea kwenye M-Pesa, na picha ya kontra. Watu wengi wanavifuta kwa hasira ama kwa haya. Visifutwe.

Familia zinazobaki nazo zina kazi yao. Anayeondoka aache nakala ya pasipoti, ya viza na ya kontra kwa mtu anayejua kusoma, si picha kwenye simu moja tu ambayo inaweza kupotea. Aache jina la bosi na anwani ya mahali. Wapatane neno moja la kawaida, tuseme salamu kwa bibi fulani, ambalo akilitaja kwenye simu maana yake niko hatarini na kuna anayenisikiliza. Pasipoti yake ikishikwa na bosi, hiyo ni kinyume cha sheria hata katika nchi za Ghuba, ingawa inafanyika sana. Nakala iliyobaki Runingu ndiyo itasaidia ambasadi kumtolea karatasi ya kurudi. Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, OIM, limekuwa likisaidia watu kama hao kurudi makwao, na halitozi. Hata HCR haitozi: hakuna orodha ya wakimbizi ya kwenda Marekani ama Kanada inayouzwa, iwe Bujumbura ama kambini, na anayeiuza anaweza kuripotiwa kwao moja kwa moja.

Kwa ule ujumbe wa wachuma matunda, kuna maswali manne ya kurudisha kwenye namba ile ile kabla ya kugusa likirimba: jina kamili la shamba na mji wake, namba ya EIMT, jina la mshauri na namba yake ya chuo, na kwa nini dola 150 zinakwenda kwa mtu badala ya serikali. Mwenye kazi ya kweli atajibu kwa karatasi. Mwingine atasema nafasi imebaki moja.